Kisima Kinachonukia Ubani

Mfaume alikunywa kikombe kizima ndipo akasifu. Maji yalinukia utamu wa mbali, kama ya mtungi uliofukizwa ubani, na kwa mtu wa Tabora mjini, mgeni akipewa maji ya namna hiyo amepewa heshima yake.

"Kumbe bado unafukiza mtungi, dada?"

"Ubani niutoe wapi huku?" Sikuzani akamjibu. "Tangu tuhamishiwe kijiji hiki sijauona. Kisima kinanukia chenyewe."

Mfaume akaweka kikombe chini. Idara ya maji ilimtuma huku karibu na Kaliua kupima kisima hicho hicho, naye amekunywa kabla ya kupima! Fundi mzima! Lakini kijiji kizima kiliponzwa na ubani huo. Kisima kilichimbwa penye kambi ya zamani ya misafara, basi watu wakaamini wapagazi waliozikwa pale ndio wanaowafukizia maji. Wagonjwa na wazee walipewa kwanza.

Mama yao, Bi Swaumu, alikuwa kwenye mkeka, anatabasamu. Hakumtambua mwanawe. Aliuambia ukuta kwa upole, "Tua mzigo, baba. Umechoka."

Baba wa Bi Swaumu alikuwa mpagazi. Alielekea pwani na mzigo, binti yake akiwa bado mdogo, asionekane tena.

"Anamjia kila akinywa," Sikuzani akanong'ona. "Mwache. Sijamwona na furaha hivi maishani."

Kisimani, jua la utosini, hapakuwa na chura wala mbu. Mfaume aliteremsha chupa yenye kizibo mpaka chini kabisa, akavuta kamba ya kizibo, akaipandisha. Maji yalipotulia akaona maji mengine chini yake, meupe, mazito, yasiyochanganyika. Alitikisa, yakavunjika matone, yakakusanyika tena taratibu. Akanusa. Ilikuwa dawa ya gereji, ile inayoyeyusha grisi kwenye vyuma.

"Kabla yetu palikuwa na kambi ya watengeneza barabara," alisema Sikuzani, aliyekuwa amemfuata kisimani. "Mapipa yao waliyafukia papa hapa."

Kichwa kilimzunguka Mfaume. Nyuma yake akasikia kengele ndogo, kisha miguu, miguu mingi ya watu waliobeba vizito, ikipita bila haraka. Alijua ni dawa ile inamchezea akili. Aliogopa vilevile, na hakugeuka.

Chupa aliipeleka stesheni isafirishwe kwa mkemia, lakini majibu hakuyangoja. Alikipigilia kisima mbao, akamwaga mtungi wa mama yake mbele ya macho yake, na maji ya kunywa yakawa yanatoka mtoni kwa baiskeli. Bi Swaumu alitapika, akatetemeka, akalala sana. Mfaume alikaa naye, akiomba Mungu asimchukue.

Asubuhi moja mama akafungua macho, yametulia.

"Mfaume? Umekuja lini, mwanangu?"

Furaha ilimjaa Mfaume. Bi Swaumu akageukia ukuta, akautazama kwa muda mrefu.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Mama, babu alikufa zamani. Hakurudi."

Uso wa bikizee ukakunjamana, akaanza kulia kama mtoto anayepewa habari ya msiba kwa mara ya kwanza. Alimshika mwanawe mkono kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akamwomba kikombe kimoja tu.