Udongo Uliokwisha Kuoga

Wenzake wa maabara walimwita Bi. Chekeche, naye hakuchukia, maana hiyo ndiyo kazi yake: kuuosha udongo unaoletwa na wajenzi, kuuchekecha, kuufinyanga, kisha kusema kama ni changarawe, mchanga au mfinyanzi, na kama utabeba nyumba bila kuipasua. Asubuhi hiyo aliletewa gunia kutoka kiwanja cha bweni la wasichana. Kitinda mimba wake ndiye angelala humo, kwa hiyo gunia hakumwachia mtu, alilifungua mwenyewe.

Kiwanja chenyewe alikijua. Siku ya mkutano wa wazazi alikivuka kwa miguu, nusura aache kiatu. Ni mfinyanzi mweusi tititi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, ukapasua na kuta za watu.

Guniani ukatoka udongo mwekundu wa changarawe, mzuri wa kuposwa. Haya, pengine wamechimba pembeni. Akaumwagia maji juu ya chekeche laini kuliko zote. Udongo wowote, hata ungekuwa muungwana vipi, maji yake ya kwanza hutoka tope. Haya yalitoka safi, kama ya mchele uliooshwa mara ya tatu.

"Udongo gani huu umeshaoga?" akauliza, ingawa mle ndani alikuwa peke yake.

Kisha kidole kikagusa kipande cha nta nyekundu. Maabara hupaka nta mabonge ya udongo ili yasinywe maji yanapopimwa. Lakini nyekundu? Mwezi uliopita nta nyeupe iliwaishia, naye akayeyusha mishumaa myekundu ya nyumbani kwake. Hakuna kiwanja kinachoota mishumaa yake! Akafungua mlango wa nyuma. Kando ya tangi, kwenye lundo la udongo wanaoutupa wakishaupima, palikuwa na shimo bichi, na koleo la maabara halikuwepo.

Damu ikamchemka. Watu wamemwibia takataka zake, wakamletea azipime upya! Hata adabu ya kwenda kuiba mbali hawana.

Mkandarasi wa bweni, aliyelileta gunia, alikuwa ofisini kwa mkuu wa maabara, amekunja nne kama yuko sebuleni kwake. Bi. Chekeche akaitupa nta mezani.

"Udongo huu ni wetu. Umetoka jalalani kwetu."

"Mama, udongo ni udongo," mkandarasi akacheka. "Kwani wa kule umeshushwa kutoka mbinguni?"

"Wasichana watalala mle! Mwanangu atalala mle!"

Mkuu hakuinua macho. Ndiye aliyemfundisha kazi hii, akimshika mkono kama mtoto anayejifunza kuandika. "Dada, sisi si polisi. Pima kilicholetwa, andika ulichopima. Basi."

Bi. Chekeche akatoka. Mkandarasi alimkasirisha, lakini mkuu alimuuma, kwa sababu mkuu alijua fika mfinyanzi ule ungefanya nini. Akilini Bi. Chekeche alimwona mwanawe amelala, na ufa ukipanda ukutani juu ya kichwa chake. Akalia kidogo kwa hasira, akanawa uso, akarudi kwenye meza yake. Pima kilicholetwa? Haya. Akakipima chote kama siku zote, bila kupunja hata chembe. Akaandika, akagonga muhuri, akarudi ofisini.

Mkandarasi akasoma kwa sauti, meno yote nje: "Changarawe yenye mchanga. Imara. Haivimbi. Inafaa kujengewa bweni..." Meno yakarudi ndani.

Mkuu akamnyang'anya karatasi, akamalizia mwenyewe: "...mradi bweni hilo lijengwe pale udongo ulipochimbwa, yaani nyuma ya maabara hii, jalalani, kando ya tangi la maji."

Akamsukumia Bi. Chekeche karatasi.

"Andika upya," mkuu akasema.

"Nimepima kilicholetwa, mkuu. Nimeandika nilichopima. Na nakala ya shule imeshaondoka." Kisha akamgeukia mkandarasi, akanyoosha mkono. "Sasa nirudishie koleo langu. Udongo wa kule nakwenda kuuchimba mwenyewe."