Udongo Namba 612

Saida alikuwa na mimba ya miezi mitano, na droo yake pale kiwandani Kibaha haikukosa vipande vya udongo wa kula kutoka shambani kwa shangazi yake, Bi Sikudhani wa Kibuta. Kazi yake ilikuwa kuchuja vichocheo kwa kompyuta: kati ya vitu elfu tatu, kipi kitaharakisha kugeuza mafuta machakavu ya chipsi kuwa dizeli, bila chenyewe kuisha. Jumatatu moja, kwa utundu tu, akaupima udongo wake na kuuingiza kwenye orodha. Ukawa namba 612.

Mchujo wa kwanza ulibakiza mia mbili, na udongo ukiwamo. Jioni shangazi akapiga simu kusema shamba lake lote, na mihogo yake, limeshuka kiasi cha goti.

"Mvua?" Saida aliuliza.

"Mvua gani, mwanangu? Limeshuka tu, limelala sawa kama sinia."

Mchujo wa pili ulibakiza ishirini, shamba likashuka kimo cha mtu. Saida akajua mkono wake umo, na akaogopa. Akaifuta namba 612. Asubuhi akaikuta imerudi, tena juu kabisa. Akamwomba meneja, Bwana Godbless, waongeze safu moja: je, mwenye udongo ameridhia?

"Mashine inapima nguvu, bei na uimara," Godbless alisema kwa upole. "Kuridhia kunapimwa kwa kipimo gani?"

Mchujo wa tatu ulibakiza namba 612 peke yake. Shamba sasa lilikuwa chini futi ishirini. Bi Sikudhani akatafuta ngazi, akaendelea kulima. Alisema kule chini angalau nguruwe pori hawafiki.

Alhamisi kampuni ikapeleka mpimaji wa ardhi ili udongo uanze kuchimbwa, Saida akatakiwa awe shahidi. Mpimaji alisimama ukingoni, akatazama mbele, akaandika: Eneo halina mtu.

"Yupo," Saida alisema. "Tazama chini."

"Fomu inataka wanaoonekana kutoka barabarani."

Saida akainama. "Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Hao wageni mbona hawapigi hodi?"

Mpimaji alimpa Saida fomu na kalamu. Saida aliwaza kazi, akawaza na mtoto anayekuja, akasaini. Kisha akashuka ngazi polepole, mkono mmoja tumboni.

"Umesaini nini?" shangazi aliuliza.

"Kwamba hapa hakuna mtu."

Bi Sikudhani akampa jembe la pili, wakaendelea na tuta lililobaki.