Kisia Mimi Nani

…na huyu naye kasimama mlangoni, mikono kaitanua, kicheko mpaka magego yanaonekana, "Fundi! Hunikumbuki? Haya kisia, kisia mimi nani!", kisia, mtu mzima na akili zake anataka nikisie kama tunacheza kombolela, si useme tu jina lako mama, kwani linalipiwa ushuru?, afadhali nina pini mdomoni, mwenye pini mdomoni haharakishwi, nainama zangu kwenye pindo la gauni la mkwe wangu, naye kasimama juu ya stuli tuli, hatikisiki, ila masikio wima, namjua, akitoka hapa simu ya kwanza ni kwa mumewe, "mama kasahau tena", na mwanangu alishasema, tena mkono kauweka juu ya cherehani yangu, "Mama, ukisahau tena kitu cha maana tunaiuza hii, unahamia kwetu, upumzike", upumzike!, nikapumzike chumba cha wageni nikitazama ukuta, cherehani ndiyo inayonitoa kitandani asubuhi, na yote hayo kisa ile blauzi ya mwalimu, eti nimeshona mikono yote miwili ya kushoto, ndiyo, nilishona, nilikata bila kugeuza kitambaa, niambie fundi gani hajawahi, ila fundi kijana akikosea amepitiwa, mimi nikikosea ni ugonjwa… "Fundi jamani, mimi huyu huyu! Angalia vizuri!", naangalia, macho ninayo, pua naiona, huo mwanya pia nauona, nilishawahi kuuona mahali, ila wapi, mwanangu kaniletea mbinu kazitoa kwenye simu yake, ukitajiwa jina lirudie kwa sauti, litundike kwenye kitu usoni mwa mtu, lala mapema, tembea, jaza chemshabongo gazetini, haya, mwanya ndio huo, msumari ninao, cha kutundika sina, na ile mbinu yake nyingine, pita akilini chumba kwa chumba, Mama, kila kitu ukiweke mahali pake, haya, napita, sebuleni hayupo, jikoni nakuta hariri ya zambarau ya sare za harusi ya dada yangu, ile iliyokuwa inateleza mkasini kama kambare, naikumbuka mpaka harufu yake, sasa nani kaiuliza hariri?, vitambaa vyote vimo, hata kimoja hakijatoka, majina ndiyo yanatoroka, ukilitafuta jina linajificha, nitalipata jioni nikiosha vyombo, la kwake na la baba yake, na hakuna atakayekuwa analitaka… "Mama," mkwe wangu huyo, sauti ya sukari, "si unamkumbuka lakini?", tazama mtego huo, kimya chake kilikuwa bora, loo, mtu anajua na bado anauliza, ndivyo walivyokuwa wanamfanyia marehemu mume wangu, kalala pale, kila aingiaye, "Mzee, mimi nani?", na mzee wa watu jasho linamtoka, vidole vinavuta vuta shuka, nikachoka, nikawa nasimama mlangoni mwenyewe, mgeni hajavua viatu nimeshapaza sauti, "Mzee, shemeji yako yule dereva huyo kaja!", naye, "Aa, dereva! Magari yanasemaje?", na shemeji anatoka anasema mbona mzee yuko vizuri tu, yuko vizuri, ndiyo, hakuna aliyemfanyisha mtihani… halafu ile asubuhi nimeingia na chai, akanitazama kwa ule uso wa heshima wa kupokelea wageni, mimi, miaka yote ile, akasema, "Karibu, karibu ukae", na mlangoni hakukuwa na mtu wa kunitaja, nikaweka kikombe, nikasema, "Mimi mkeo", hivi hivi, kama unavyosema mvua inanyesha, akasema, "Najua", hakujua, lakini mkono wangu aliushika na hakuuachia mpaka chai ikapoa…

"Haya, nafasi ya mwisho!", bado kasimama, mikono bado kaitanua, mkwe wangu kaacha hata kupumua, na mimi kwa nini natoka jasho kwa ajili yao?, siogopi tena, nimechoka, natema pini kwenye kiganja, nitamwambia huyu sikukumbuki mwanangu, nitajie jina, na hata kesho unitajie tena, na wewe uliye juu ya stuli kampigie mumeo, mwambie mama kasahau, mwambie asiguse cherehani yangu, na siku nitakapokukaribisha wewe kwa uso wa wageni, usiniulize wewe nani, usinicheke, usilie, sema tu, Mama, mimi mke wa mwanao, nami nitakujibu, najua.