Vitabu Ishirini na Vinne vya Kaki

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Ijumaa ile nilipofungua duka na kukuta rafu yangu nzima imevishwa karatasi ya kaki, sikukumbuka hata salamu.

"Mzee Jamleck! Umefanya nini?"

Alikuwa kwenye meza yake ya nyuma, mkasi mkononi, chupa ya gundi wazi. Kazi yake ni moja, na ameifanya miaka thelathini na mmoja: mzazi akinunua vitabu vya shule, yeye huvifunika kwa kaki kabla havijatoka mlangoni. Hakuna anayekunja kona kama yeye, River Road nzima.

"Nimefunika," akasema. "Hii vitabu si inakaa hapo mlango? Vumbi ya hapa unaijua. Na watu wanashika na mikono ya mandazi."

Nilikuwa nimetoka siku mbili tu, kwa shughuli za ruracio, mahari ya dada yangu, huko Mutuini. Siku mbili!

Rafu ile ilikuwa roho yangu. Athman, mwenye duka, mtu wa Lamu, alikuwa amenikubalia niweke vitabu vipya vya mambo ya kweli: vya wanyama, vya historia, vya mwili wa binadamu, vya kusomwa na mtu yeyote mdadisi, si mwanafunzi tu. Nilivichagua mwenyewe, maana nina digrii. Kando ya kila kitabu nilibandika pendekezo langu: "Kitabu hiki kinachambua kwa kina..." Wiki saba zikapita. Nikauza vinne, na kimoja kikarudishwa.

"Nyawira mwanangu," Athman aliniambia, "nakupa mpaka Jumamosi. Rafu isipochangamka, Jumatatu naweka vitabu vya marudio ya mitihani. Usinune."

Kitu pekee kilichokuwa kikisimamisha watu ni picha za majalada. Sasa vyote ishirini na vinne vilifanana na madaftari ya darasa la nne. Nikashika kimoja nikichane. Mzee akanizuia mkono.

"Nimeweka gundi. Ukivuta, inatoka na ngozi."

"Wewe hujui kitabu ni nini!" nikamfokea. "Unajua karatasi tu!"

Nikaketi juu ya katoni na kulia kwa hasira. Mzee alifuta mikono, akachukua kitabu cha juu.

"Hii ni ya pweza. Iko na mioyo tatu, lakini hiyo si kitu. Mwenye aliandika anauliza kama mkono wa pweza unaweza fikiria peke yake, bila kuuliza kichwa. Nilisimamisha kazi, nikaangalia hii mkono yangu." Akachukua kingine. "Hii ni ya mipaka. Watu wamekaa kwa meza huko mbali na rula, wanagawa shamba hawajawahi kanyaga. Hiyo ilinikasirisha, nikaenda kunywa chai."

"Umevisoma?"

"Kwani nikifunika unafikiria naangalia ukuta?"

Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Vitabu ishirini na vinne ni kazi ya saa moja kwake. Alivipa siku mbili.

Nikachukua kalamu nene. Kosa lilikuwa limeshafanyika, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia basi tuandike majina ya vitabu juu ya kaki. Akatikisa kichwa.

"Jina haiambii mtu kitu. Andika chenye inauliza. Na uandike kubwa, usiweke hayo maneno yako ya 'kwa kina'."

Yeye akasema, mimi nikaandika. Je, mkono unaweza kuwaza bila kichwa? Nani alichora mpaka uliotenganisha shamba na mwenyewe? Mbona mvua ya kwanza hunukia? Kwa nini mtu hawezi kujitekenya?

Wa kwanza kusimama alikuwa mwanamume wa pikipiki aliyeleta mzigo. Alijaribu kujitekenya kwapani pale mlangoni, akaona hacheki.

"Niaje, hii jibu iko ndani?"

"Iko."

"Si basi uniambie."

"Soma," Mzee akamjibu kutoka nyuma, na mtu akanunua huku akicheka.

Baada ya hapo sikuketi tena. Mtu akisoma swali humgeukia wa kando yake, na wa kando ana jibu lake, na wa tatu anasema wote wawili ni waongo. Mama mmoja wa Kitisuru, Lornah, ambaye huja kununua vitabu vya wanawe tu, alibeba vitatu akampigia rafiki yake wa Karen papo hapo: "Wewe! Ushawahi jiuliza mbona mvua inanukia?" Nilifurahi mpaka miguu ikasahau kuuma.

Jumamosi alasiri Athman alitoka msikitini, akaikuta rafu tupu.

"Kulikoni? Mumeibiwa?"

"Tumeuza."

Akapiga makofi. "Mashallah! Nilijua wewe ni hodari, mwanangu. Rafu yako haiguswi."

Sifa ni tamu, na nilikuwa nimeanza kuimeza hiyo. Kisha nikamwona Mzee akizoa vipande vya kaki sakafuni, kama siku zote.

"Si mimi," nikasema. "Kila swali lililouza lilitoka kwake."

Athman akamtazama mtu aliyemfanyia kazi miaka thelathini na mmoja. "Basi vingine mutachagua pamoja," akasema. "Vyote vimetoka?"

Nikahesabu tena kichwani. Ishirini na vitatu. Mzee akakohoa, akavuta kitabu kutoka chini ya meza yake. Hakikuwa na swali juu.

"Hii ya nyuki haiuzwi. Sijamaliza."

"Na vile vingine ulimaliza?" nikauliza.

"Nitamalizaje? Nikishafunika, mwenyewe si anaenda nayo." Alisema bila kulalamika. "Tangu nianze kazi hapa sijawahi fika mwisho wa kitabu. Lakini hawa nyuki wamehama, wanazunguka wakitafuta nyumba, na mimi nataka kujua kama walipata."

Athman alikwenda akafunga mlango na jua bado liko juu, akarudi na kiti kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu.

"Soma kwa sauti, Mzee," akasema.

Mzee Jamleck akavaa miwani, akatafuta ukurasa wake, na akaanza kutusomea.