Nyuzi Zilizolala Upande Mmoja

Tangu Habibu afariki, Zaitun huzungusha mwenyewe mpini wa mashine ya kujaribia uimara, kisha huzunguka upande wa pili kusoma kipimo. Zamani mumewe alizungusha, yeye akisoma kwa sauti. Karakana yao iko katika mji mdogo wa Mpemba, kando ya barabara kuu. Malori ya mpakani hupita kutwa nzima, hakuna anayeteremka kumjulia hali.

Wote wawili walikuwa wahandisi. Walianza pamoja kutengeneza nyayo za miguu bandia kwa plastiki iliyochanganywa na vipande vifupi vya nyuzi za katani. Habibu ndiye aliyeunda modeli ya kompyuta: unaipa kiasi cha nyuzi na urefu wake, inakuambia unyayo utahimili mzigo gani.

Habibu alifariki kabla ya unyayo wa kwanza, uliokuwa wa Makoye, mfugaji wa bonde la Momba aliyekatwa mguu. Modeli ilisema utambeba vizuri. Zaitun akaubana kwenye mashine, akazungusha mpini. Ukapasuka kisiginoni, mzigo haujafika hata nusu.

Siku hiyohiyo Makoye akafika na magongo yake, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Baba Happy, siwezi kukupa. Umepasuka," Zaitun akamwambia.

"Si ulisema kompyuta imeukubali?"

"Imekosea."

Makoye akautazama unyayo mezani. "Binti yangu anaolewa. Nipe hivyohivyo, mama, nitaukanyaga taratibu."

"Ukikuvunjikia utaanguka. Sikupi."

Aliondoka bila kuaga.

Zaitun akabaki na ile modeli. Katika vitu vyote vya Habibu, ndicho kitu pekee kilichokuwa bado kinamjibu akikiuliza. Kuisahihisha aliona kama kubishana na mtu aliyeko kaburini. Siku kadhaa hakuigusa.

Mwishowe akamimina bamba la plastiki ileile, akalikata vipande: vingine kwa urefu, vingine kwa upana. Vya urefu vikavutwa sana ndipo vikakatika. Vya upana vikaachia kama biskuti. Kumbe plastiki ikitiririka ndani ya kalibu inayoipa umbo huzilaza nyuzi zote kufuata mkondo wake, na Habibu alikuwa amekadiria kwamba zimetawanyika kila upande. Kisiginoni zilikuwa zimelala vibaya.

"Umeona?" akasema, akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Akampigia Raudha, dada wa Habibu.

"Wifi, nimepata kosa kwenye hesabu za kaka yako."

"Kosa gani tena, wifi? Niko sokoni, nitakupigia."

Hakupiga.

Zaitun akairekebisha modeli, akahamisha tundu la kumiminia plastiki, akatengeneza nyayo mpya. Akazivunja moja baada ya nyingine mpaka mashine na modeli zikasema neno moja. Ndipo akatengeneza mmoja zaidi, akamwita Makoye.

Alipokuja, harusi ilikuwa imepita. Akavaa mguu, akatembea uani, akarudi.

"Haulalamiki," akasema.

"Nisamehe kwa ile siku ya binti yako."

"Nilikaa kwenye kiti, wenzangu wakacheza." Akakanyaga tena, kwa nguvu. "Ila sikuanguka mbele za wakwe."

Akampa mkono, akatoka. Zaitun akasimama mlangoni akiangalia kisigino kinavyotua na kuinuka, mpaka lori likapita katikati yao. Kisha akavuka kwa muuza chipsi, akala palepale akiwa amesimama, maana nyumbani hakuna aliyekuwa akimsubiri.