Zamu ya Hyacinthe

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, Nzigire alirudi kutoka kazini saa kumi alasiri, akaweka mfuko wa viazi mezani, akaona ukuta wa jikoni, kati ya jokofu na dirisha, una mlango wa chuma. Asubuhi haukuwepo. Ulikuwa na rangi ya kijani iliyochubuka, mpana wa kupita watu wawili, na ulifungwa kwa mnyororo na kufuli la shaba lenye namba saba. Kufuli lilikuwa upande wake. Alisogeza jokofu kidogo lisikwaruze chuma, akaanza kumenya viazi.

Alikuwa na miaka sita mjini Louisville, Kentucky, yote katika nyumba hiyohiyo ya kupanga mtaa wa Beechmont. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Alitoka alfajiri, akarudi kwa mabasi mawili. Siku hiyo alitoka nje kuutazama ukuta kwa nyuma. Kulikuwa na matofali na maegesho ya magari, kama siku zote. Aliporudi ndani alisikia watu wakikohoa nyuma ya mlango, wengi, na mtoto mmoja akilia kwa lugha asiyoijua. Kisha mtu akauliza kwa Kiswahili cha Bukavu:

"Ni nani iko kwa mulango?"

Ilikuwa sauti ya mdogo wake, Hyacinthe, aliyekufa Libya.

"Ni miye, Nzigire."

"Yaya? Uko wapi?"

"Niko Louisville. Ku Amerika."

"Ulifika?"

"Nilifika."

"Bon," alisema Hyacinthe, na alisikika akimwambia mtu wa karibu kwamba dada yake amefika. "Sasa naweza kulala. Niko na homa kidogo."

Waliachana katika kambi ya wakimbizi. Nzigire alibaki kungoja jina lake lisomwe kwenye orodha ya wanaopelekwa Amerika. Hyacinthe alichoka kungoja, akaenda kaskazini kuitafuta bahari. Libya walimkamata, wakamfungia katika hanga, banda kubwa, pamoja na watu mia moja na zaidi. Nchi hiyo ilikuwa vitani, na kila upande ulikuwa na marafiki wa nje. Usiku mmoja ndege ya dola nyingine ya Kiarabu, iliyosaidia upande mmojawapo, iliangusha bomu juu ya hanga. Nzigire alipata habari kwa simu kutoka kwa Rutayisire, kijana wa Uvira aliyekuwa amefungwa humo humo, akapona, akapitishwa Niger, akaletwa Ohio. Hakukuwa na maiti ya kuzika.

Saa kumi na moja na nusu jioni sauti zote nyuma ya mlango zilinyamaza kwa pamoja, kama redio iliyozimwa. Huko Libya ilikuwa saa tano na nusu usiku.

Siku ya pili aliazima mkasi wa kukatia chuma kwa jirani, akakata mnyororo. Nyuma ya mlango kulikuwa na matofali, na sauti ya Hyacinthe ilitokea ndani ya matofali yale.

"Musifungue," alisema. "Batu ya kulinda banapiga risasi kila mutu anatoka."

Alipoufunga mlango, mnyororo ulikuwa mzima. Hakuujaribu tena. Siku ya tatu msimamizi wa nyumba alikuja kwa shughuli ya bomba, akaupima mlango kwa futi yake, akaandika kwenye fomu kwamba kuna mlango wa ziada, umefungwa, na mpangaji asiutoe.

Kwa Hyacinthe, kila siku ilikuwa ile jioni moja. Hakukumbuka ya jana. Kila siku Nzigire alimwambia kwamba amefika, na kila siku Hyacinthe alifurahi upya. Wakubwa wake kazini walipomwomba abaki hadi jioni, alikataa, akasema nyumbani ana mgonjwa.

Baada ya majuma mawili alimpigia Rutayisire. Rutayisire alikaa Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus, akifanya kazi kwenye ghala la viatu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kufuli iko na namba?" aliuliza.

"Saba."

"Ni ile ya hanga," alisema. "Donc, kuko mwalimu mumoja ku Buffalo. Iko anaandika dossier, mashitaka ya ile bomu. Niko namuleta."

Mwalimu huyo aliitwa Gaudiosi, Mtanzania wa Bukoba, mtu wa makamo aliyevaa tai hata safarini. Alifundisha sheria za nchi za Kiarabu na sheria za vita, na Kiarabu alikisoma mpaka akaweza kucheka utani wake. Alishuka kutoka Buffalo kwa gari lake, akampitia Rutayisire, wakafika Beechmont Jumamosi saa tisa. Nzigire aliwapa chai. Gaudiosi aliuchunguza mlango kwa miwani miwili, akaupiga picha, akavuta kiti.

"Dada, nikueleze tatizo langu," alisema. "Nimesoma katiba zao na mikataba waliyotia sahihi, na vitabu vya fiqhi, sheria ya Kiislamu, vya zamani kabisa. Vyote vinakubaliana: mfungwa hauawi, na aliyemfunga ndiye mwenye dhamana ya uhai wake. Sheria sina shida nayo. Ninachokosa ni mtu wa kusema mle ndani kulikuwa na nini."

"Yeye yuko," alisema Nzigire, akionyesha mlango kwa kidevu.

Gaudiosi aliwasha kinasa sauti, akasafisha koo.

"Hamjambo humo ndani. Naomba kuzungumza na bwana Hyacinthe."

"Ni miye."

Aliulizwa idadi ya watu, akasema mia moja na ishirini, na watoto saba. Aliulizwa mlango hufungwa na nani, akataja walinzi na rangi ya sare zao.

"Kuna silaha karibu na hapo?"

"Hanga ya pembeni kuko masanduku. Ya risasi, na zingine kubwa. Banatubebeshaka usiku, kwa zamu."

"Usiku huu nani amechukuliwa?"

"Ilikuwa zamu yangu," alisema Hyacinthe. "Sasa niko na homa. Rutayisire akasema, lala, nitabeba pahali pako."

Rutayisire alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani polepole, akatazama viganja vyake. Kwa miaka yote alikuwa amemwambia Nzigire kwamba alipona kwa sababu Mungu alitaka. Nzigire hakumwangalia. Alichukua kitambaa, akafuta mahali ambapo chai ilimwagika.

Hatimaye Rutayisire aliinuka, akasimama karibu na chuma.

"Hyacinthe."

"Rutayisire? Umesharudi?"

"Nimesharudi."

"Masanduku ilikuwa mingi?"

"Ilikuwa mingi."

"Aksanti, ndugu. Kesho nitabeba yako."

Rutayisire aliweka paji la uso kwenye mlango. Alikaa hivyo hadi saa kumi na moja na nusu ikapita, na baada ya hapo akaendelea kukaa hivyo.

Walipokula, Gaudiosi hakugusa nyama. Alieleza kwamba masanduku ndiyo yatakayowaponza. Jopo la majaji watatu wastaafu lilikuwa limekubali kusikiliza malalamiko, na wakili wa ile dola angesema mahali penye risasi ni shabaha halali.

"Nikinyamazia masanduku?" aliuliza Rutayisire.

"Ukinyamaza, palikuwa mahabusu tu, na waliopiga hawana la kujitetea. Ukisema, wamepata mlango wa kutokea."

"Na sheria?"

"Sheria inasema sanduku la risasi halimgeuzi mfungwa wa jirani kuwa risasi. Mpigaji alipaswa kuangalia nani yumo, na aliyewafungia hapo alikwisha kukosa kabla hata ndege haijaruka. Imeandikwa. Ila mimi si jaji."

Rutayisire alimgeukia Nzigire. "Yaya, sema weye."

Nzigire alitafuna, akameza.

"Utasema," alisema. "Yeye amesema, na iko na homa. Weye uko muzima."

Ndivyo ilivyoamuliwa.

Mwezi wa kumi na moja Nzigire aliomba ruhusa ya siku tatu, ya kwanza tangu aajiriwe. Alipanda basi hadi Columbus, akalala kwa Rutayisire na mkewe, na asubuhi wakashika njia ya Buffalo. Theluji iliwakuta kabla hawajaliona ziwa la Buffalo. Kikao kilifanyika katika chumba cha juu cha maktaba moja. Majaji walionekana kwenye kioo kikubwa cha video, kila mmoja na nchi yake nyuma yake dirishani. Gaudiosi alichezesha kanda aliyonasa. Ilisikika sauti yake mwenyewe ikiuliza maswali, na kati ya maswali, mahali pa majibu, jokofu tu likinguruma. Majaji walisikiliza dakika zote arobaini bila kumkatiza. Hakuna aliyesema haamini. Mmoja aliuliza kama jokofu lingeweza kuzimwa wakati wa kunasa.

Rutayisire alisema yote: hesabu ya watu, sare, kufuli, masanduku aliyobeba na waliokuwa wakimwamuru. Alipomaliza aliendelea, ingawa hakuulizwa. Alisema zamu haikuwa yake. Alisema alimfunika Hyacinthe kwa koti lake akatoka, na alipokuwa njiani na sanduku la nne begani, mwanga ulitokea nyuma yake, akaona kivuli chake kikirefuka mbele yake.

Jaji mkuu alimshukuru. Alisema sehemu ya homa haitaingizwa kwenye kumbukumbu, kwa kuwa ni jambo kati ya shahidi na marehemu.

Wakili wa ile dola, mwanamama mpole mwenye sauti ya ualimu, aliuliza swali moja tu. Je, masanduku yalikuwa mazito? Rutayisire alisema yalikuwa mazito. Wakili akasema hana swali jingine.

Usiku huo Nzigire aliwaza kwamba jana na leo Hyacinthe ameuliza ni nani yuko mlangoni, na jikoni hapakuwa na mtu.

Saa za Kentucky zilikuwa zimekwisha kurudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, lakini mlango ulifuata saa za Libya. Sasa sauti zilinyamaza saa kumi na nusu. Nzigire alifika kwake saa kumi, kwa hiyo alikuwa na nusu saa, na basi likichelewa alikuwa na dakika kumi. Rutayisire alianza kuja kila Jumamosi ya pili. Alikuja peke yake, akakaa sakafuni mgongo kwenye chuma, wakazungumzia mpira. Hyacinthe alipoahidi kubeba kesho, Rutayisire alisema hakuna haraka.

Uamuzi ulikuja mwezi wa kwanza, kurasa tisa. Gaudiosi aliusoma kwa simu, akiutafsiri kifungu kwa kifungu. Ile dola haiwezi kushitakiwa ila katika mahakama zake, na sheria zake hazina kifungu kwa mgeni aliyedhurika nje ya mipaka. Serikali ya Libya haihusiki, maana hanga lilikuwa mikononi mwa kikundi kisichokuwa chake, japo sare zilikuwa zake. Masanduku yaliifanya sehemu ile kuwa shabaha halali. Mlango wa Louisville jopo linautambua, ila uko mbali mno na tukio kuwa ushahidi wake. Jopo linasikitika.

"Nitaandika sura nzima juu ya hili," alisema Gaudiosi. "Utaniruhusu niutaje mlango kwenye tanbihi?"

Nzigire alimruhusu.

Nakala ya Kiswahili, ambayo Gaudiosi aliichapa mwenyewe, ilifika kwa posta Alhamisi iliyofuata. Basi halikuchelewa siku hiyo. Nzigire alimwambia mdogo wake kwamba alifika, naye akafurahi. Kisha Nzigire akavuta kiti karibu na chuma, akamsomea barua yote, kurasa tisa, bila kuruka kitu. Nyuma ya mlango mtoto alikuwa amenyamaza. Hyacinthe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni ya banani, hiyo barua?" aliuliza.

"Ya batu fulani. Balifungiwa mu nyumba, bomu ikabapiga."

"Hmm." Alikohoa. "Kulikuwa Bakongomani?"

"Mumoja."

"Aliacha ndugu?"

"Aliacha dada."

"Ukimuona huyo dada," alisema Hyacinthe, "umupe pole yangu."

"Nitamupa," alisema Nzigire.