Wimbo Uliokatwa Kabla ya Jibu

Mjukuu wangu tunamwita Kinanda, maana tangu anatambaa hajui kunyamaza. Anapiga pasi kwa dobi, wima kutwa nzima, na nyimbo anazitunga hapohapo, mvuke ukimpanda usoni. Ule aliouandalia nusu fainali ya shindano la runinga ni kitendawili. Unaanza hivi: nina mgeni, hana miguu ila hunifuata toka kazini. Hali chakula changu, ila ananimaliza. Ubeti kwa ubeti anawaacha watu wakikisia, na mwisho kabisa ndipo anamtaja mgeni: ni uchovu.

Wiki ile alitoka kwenye pasi akaingia kwenye mazoezi, akatoka mazoezini akarudi kwenye pasi. Sauti ikaanza kukwaruza. Siku yenyewe nilifuatana naye studio. Dada mmoja akampaka poda chini ya macho, akapaka tena.

"Haya hayafichiki," akasema.

"Yaache," Kinanda akamjibu. "Ndiyo wimbo wenyewe."

Akaja mtayarishaji, kijana mwenye vipokea sauti masikioni, anaongea na sisi huku anaongea na wengine.

"Dada, una dakika mbili. Zikiisha, maiki inazimwa. Anza na jibu, watu wauelewe, wakupigie kura. Ukipita leo, pasi unaisahau."

Alipotoka, Kinanda akaniegemea begani. "Bibi, nianze na jibu?"

"Nikikutegea kitendawili nikakutajia jibu hapohapo, utasemaje?"

"Nitasema bibi kazeeka."

"Haya. Lakini anayesimama kutwa si mimi, mke mwenzangu. Amua mwenyewe, sitanuna."

Akaamua kupunguza ubeti mmoja, jibu libaki mwisho. Wimbo ungetosha kwenye dakika mbili, kama asingekuwa amechoka. Jukwaani kila mstari aliuvuta, na kila baada ya mstari akatafuta pumzi. Mimi nilikaa na watazamaji, macho kwenye saa nyekundu, nikimsukuma kwa roho: twende, mama, twende. Akafika, "Mgeni wangu ni..." Maiki ikazimwa. Midomo ikatamka, hatukusikia kitu.

"Sauti ipo," jaji akasema, "ila sijui ulikuwa unaimba kuhusu nini."

Kura zikaja. Hakupita.

Mtangazaji akanisogezea maiki. "Bibi, unasikiaje?"

"Nasikia miguu inauma, baba."

Wakacheka ukumbi mzima. Kinanda hakucheka.

Kesho yake nilimpelekea chakula kazini. Toka nje nikasikia wenzake wanapigiana kelele, maana wote walikuwa wametazama, jibu hakuwahi kuwaambia, na hakuna aliyelala vizuri kwa kulitafuta.

"Kivuli!"

"Kivuli kinamaliza nani? Ni njaa!"

"Ni mume wangu huyo!" akadakia mama mmoja mnene aliyekuwa anakunja mashuka.

"Wako ana miguu, tena ya kuondokea tu!"

Kinanda alikuwa anasukuma pasi kwenye kola ya shati. "Mmeshindwa? Nipeni mji."

"Chukua wowote, tuambie!"

Akauimba mstari wa mwisho kwa kile kisauti kilichobaki. Nilidhani watacheka. Pasi zikasimama. Mmoja akajishika kiuno, mwingine akatazama viatu vyake.

"Mgeni huyo kwangu ana kitanda chake," akasema yule wa mashuka. Akageuza ndoo, akaipangusa vumbi. "Lete hiyo pasi. Wewe kaa hapa utuimbie wote, toka mwanzo."

Kinanda akakaa. Akaegemeza kichwa kwenye furushi la nguo, akafungua mdomo aanze, akalala.

Hakuna aliyemwamsha.